Pima Maji ya Mjomba Mwita

Isiolo, Jumapili mchana

Boke, nyathina, mtoto wangu,

Mama yako ameniambia begi lako limefungwa mara tatu na kufunguliwa mara nne, kwa hiyo mambo ya blanketi, sabuni na viatu vya mvua yana mwenyewe. Mimi sitayagusa. Kesho asubuhi unatoka Magunga kwenda Ntimaru kwa mjomba wako Mwita, kujifunza kazi ya mashine ya fuko. Mimi niko huku Isiolo kwenye vumbi, mgongo unauma kama kawaida, lakini tangu jana natembea nikicheka peke yangu. Wenzangu wameniuliza kama nimeokota kitu. Nikawaambia binti yangu anaenda kujifunza kupitisha paipu chini ya barabara bila kuikata. Mmoja akauliza, "Msichana?" Nikamwambia, "Ndiyo, msichana. Wewe umekuwa mwanamume miaka arobaini na bado unachimba kwa sururu."

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Mimi Mjaluo, mama yako Mkuria, tulipooana tulikutana katikati, na wewe ukazaliwa pale katikati. Shule niliacha darasa la sita, kwa hiyo ukiona herufi zimelala, ziamshe mwenyewe. Nikimaliza, Halima wa stoo atazipiga picha kurasa hizi na kuzituma kwenye simu ya mama yako. Najua mama yako atasoma kwanza. Mama Boke, kaa chini, halafu ndiyo usome.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu mimi hufanya mzaha, wewe unasema "eeh baba, eeh baba", halafu mtandao unakatika. Jambo hili nimelibeba miaka tisa, na nikilisema kwa mdomo litageuka mzaha tena. Nataka ulisikie kwangu kabla hujafika Ntimaru. Sitaki ulisikie ukiwa ndani ya shimo, umeshika mashine ya mtu ambaye baba yako alimkosea.

Unaikumbuka pima maji? Ile ya njano, fupi kama kiganja, yenye kioo na tone la hewa linaloogelea ndani. Ulikuwa na miaka kumi nilipokuja nayo nyumbani, na kuanzia siku uliyoiona hakuna kitu kilichopumzika. Ulipima meza, ukapima dirisha, ukapima kichwa cha nyanya yako akiwa amesinzia. Ulimpima ng'ombe, ukasema anahitaji jiwe chini ya mguu wa nyuma. Siku moja uliiweka juu ya ugali mama yako akiwa bado anaupakua, ukatangaza mbele ya wageni, "Ugali wa mama umeinama upande wa mbuga ya Ruma." Mchungaji alikuwa mezani. Alicheka mpaka tukala bila kuombea chakula.

Siku ile nilicheka pia. Lakini kila nilipokuona nayo mkononi, kuna kitu kilinichoma hapa kifuani. Pima maji ile si yangu. Ni ya mjomba wako Mwita.

Nikueleze vizuri, maana wewe fuko umeliona kwenye simu tu. Ni chuma kirefu, mtu akikisimamisha kinamfika kifuani, unene wake kama paja, na pua imechongoka kama muhogo. Nyuma yake kuna mpira unaoleta hewa kutoka kwa kompresa. Ndani yake kuna nyundo. Hewa inairusha nyundo, nyundo inalipiga fuko kwa ndani, na kila pigo fuko linasogea mbele kidogo na kusukuma udongo pembeni. Unachimba shimo upande huu wa barabara na shimo upande wa pili. Fuko linaingia huku na kutokea kule, na magari juu yake yanapita bila kujua. Likishatoka, linaacha njia, na paipu ya maji inapita humo.

Lakini fuko halina macho, wala usukani. Likishazama halimsikilizi mtu. Kazi yote iko kwenye kulipanga kabla halijaondoka, na kazi hiyo nilifundishwa na mjomba wako. Ndiye aliyeniombea nafasi kwenye gengi lake la kazi, kwa sababu nilimwoa dada yake na alikuwa amechoka kuniona nikivunja mawe. Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kanisani. Aliniangalia miguu, akasema, "Shemeji, tunaenda chini ya ardhi, lakini si kwa heshima hiyo."

Alinifundisha kupiga vigingi pande zote mbili za barabara na kuvuta kamba juu ya mstari. Alinifundisha kushindilia sakafu ya shimo mpaka iwe ngumu kama ya nyumba, na kuteremsha timazi kutoka kwenye kamba ili mgongo wa fuko ulale chini ya mstari ule ule. Kina kiwe mara kumi ya unene wa fuko, la sivyo ardhi ya juu inavimba. Mpira wa hewa upulizwe kwanza ukiwa mtupu, utoe mchanga, na mafuta yawekwe kabla ya hewa. Halafu pima maji juu ya mgongo wa fuko, mbele na nyuma, mpaka lile tone lisimame katikati. Unafungua hewa kidogo kidogo, kwa sababu mwanzoni fuko linarukaruka kama ndama na udongo haujalishika. Na likiingia nusu ya mwili wake, unasimamisha. Hapo alikuwa anainua kidole. "Nusu, simamisha. Pima tena. Likiwa limepotoka unaweza kulirudisha. Likizama lote, umelipa ruhusa ya kwenda linakotaka."

Alinifundisha pia kusikiliza. Unashika nondo, unaichomeka ardhini, unaweka sikio kwenye ncha ya juu. Unalisikia fuko linakuja, du, du, du. Mwaka ule mama yako alikuwa na mimba ya ndugu yako Okoth, na nilipoweka sikio kwenye tumbo lake nilimwambia, "Huyu amepangwa vizuri, anakuja sawa." Alinipiga na mwiko.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Tulikuwa Lambwe. Bomba kubwa la maji lilipita upande mmoja wa lami, na boma la mjane mmoja lilikuwa upande wa pili. Wote tulimwita Dani Pilista, kwa sababu alikuwa nyanya wa kila mtu. Alikuwa mzee, na maji aliyataka sana. Lakini tulipochora shimo la kuanzia kwa chokaa, ndani kidogo ya lango lake, alitoka na fimbo.

"Hiyo mnamchimbia nani?"

"Ni shimo la mashine, Dani," nikasema.

"Mashine ina urefu wa mtu?"

Nikaangalia ile chokaa. Kweli, Boke, lilikuwa kaburi. Urefu wa mtu, upana wa mabega, kona nne zimekatwa sawa. Shimo la fuko lazima liwe hivyo, na wewe utayachimba mengi. Nyumbani kwetu unajua mambo yake. Shimo la namna hiyo halichimbwi kwenye boma bila mwenye kulilalia, na likiachwa wazi jua likazama, watu wanasema linaita mtu wa kulala humo.

Mwita hakujua mila zetu zote, lakini heshima aliijua. Alivua kofia. "Mama, tutalifukia kabla jua halijazama. Unatupa ruhusa?"

Dani alimtazama huyu Mkuria kutoka chini hadi juu. "Kabla jua halijagusa milima ya Gwasi," akasema. "Likigusa, atalala humo mmoja wenu. Nitachagua mwenye kelele." Akaninyooshea fimbo mimi.

Watu walicheka. Mimi nilicheka kwa mdomo, lakini moyoni niliogopa. Mimi ni mtoto wa mila hizo, na mke wangu alikuwa na mimba.

Siku hiyo kompresa ilichelewa. Ilifika jua limeshaanza kushuka. Mwita alipanga vigingi na kamba, akanipa pima maji yake, akasema, "Leo panga wewe, mimi naenda shimo la upande wa pili kusikiliza. Nusu, simamisha." Nilifurahi sana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuachiwa.

Nikashuka shimoni. Nikalipanga fuko, nikapima, tone likasimama katikati. Nikaitia pima maji mfukoni, nikapanda juu, nikafungua hewa. Fuko likaruka, likatulia, likaanza kula udongo. Nikaangalia juu, nikaona jua. Nikaangalia fuko, nusu imeingia. Kidole cha Mwita nilikiona kabisa kichwani, kimeinuka. Lakini nikahesabu. Kusimamisha, kushuka, kupima, labda kulirudisha na kuanza tena, na Dani amekaa kwenye kigoda anaangalia milima. Nikajiambia jicho langu linatosha. Wewe unajua navyojisifu kwa jicho langu. Nikaongeza hewa.

Fuko likazama lote, na mpira ukalifuata kama mkia. Mpira tulikuwa tumeuwekea alama za utepe, kila hatua alama moja, ili tujue limefika wapi. Alama zikawa zinaingia, mimi napiga mluzi.

"Mwita! Unalisikia?"

"Bado!"

Alama tatu zaidi.

"Sasa?"

"Bado! Nasikia kitu kwa mbali, lakini hakiji kwangu!"

"Alama ya mwisho imeingia!"

"Huku hakuna kitu, Ouko! Hata panya!"

Hapo ndipo nilipoiona lami. Katikati ya barabara palikuwa pameinuka, kama ng'ombe amelala chini ya blanketi. Kabla sijafungua mdomo, tukasikia sauti ya mwanamke kutoka kibanda cha chapati, mbali kabisa na shimo la Mwita.

"Uwi! Jiko langu linatembea!"

Tukakimbia. Jiko lilikuwa limeinama, kikaango juu yake, chapati juu ya kikaango, na chini ya jiko ardhi inapumua, du, du, du. Mwenye kibanda alikuwa amepanda juu ya benchi na mteja wake. Nikakimbia kufunga hewa. Niliporudi, pua ya fuko ilikuwa imechungulia katikati ya makaa, na mteja alikuwa ameshaiokoa chapati na anaila. Akaniuliza, "Maji yanakuja na moto siku hizi?"

Mimi hadi leo nikiikumbuka ile chapati nacheka. Hata wakati ule nilitaka kucheka. Lakini Mwita alipiga magoti kando ya jiko, akaigusa ile pua, akaangalia nyuma kwenye lami iliyovimba, halafu akaniangalia mimi.

Tukaanza kulichimbua fuko kwa mikono. Jua likagusa Gwasi. Mpira ulikuwa bado umelala kutoka kibandani mpaka kwenye shimo la Dani Pilista, kwa hiyo hatukuweza kulifukia. Nilivuka barabara kwenda kumwambia. Nikamkuta hayuko kwenye kigoda. Alikuwa anatoka nyuma ya nyumba na mpwa wake, wanaburuta mgomba uliokatwa, mrefu kama mtu. Wakauangusha shimoni, puu.

"Basi," akasema. "Limepata mwenyewe. Malizeni kazi yenu kesho."

"Dani," nikasema, "kumbe inawezekana hivyo?"

"Kwani wewe mama yako hakukufundisha? Shimo linataka kitu cha kulala. Halikusema ni wewe."

"Mbona hukutuambia asubuhi?"

"Mbona hamkuniuliza? Mlisema mtamaliza, nikawaamini. Ungekuja ukasema, Dani, nahitaji muda, ningekukatia mgomba mapema, na uji ningekupa." Akanipa uji hata hivyo. Niliunywa nimesimama kando ya shimo, mgomba unaniangalia.

Boke, fuko lile nililipoteza kwa sababu niliogopa kuuliza swali moja. Na ningekoma hapo, hili lingekuwa hadithi ya kuchekesha tu, na wewe ungekuwa umeisikia mara mia. Kuna sehemu ya pili, ndiyo maana hukuisikia hata mara moja.

Asubuhi msimamizi alikuja. Aliiangalia lami, akaangalia kibanda, akatupanga mstari. "Nani alilipanga fuko?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi. Nilimwona mama yako na tumbo lake. Nilikuona wewe na sare yako ya shule. Msimamizi akauliza tena, na mimi nikasema, "Mwita ndiye mwenye pima maji."

Ulikuwa ukweli mtupu. Pima maji ilikuwa ya Mwita, kila mtu aliijua. Nilichukua neno la kweli nikalitumia kufanya kazi ya uongo. Msimamizi akamgeukia Mwita. Mwita akaniangalia, halafu macho yake yakashuka, nikadhani anaangalia ardhi. Akasema, "Mimi ndiye mkubwa kwenye gengi hili." Basi. Akafunga mzigo wake siku hiyo hiyo. Alipopita karibu yangu alisema neno moja tu, "Msalimie dada yangu."

Jioni nilipokaa chini, kitu kikanichoma pajani. Pima maji. Ilikuwa mfukoni mwangu muda wote.

Nilikuja nayo nyumbani nikitaka kuirudisha. Nikaichelewesha wiki moja, halafu mwezi, halafu wewe ukaipata ukaanza kupima ugali. Mama yako nilimwambia kwamba kaka yake ameamua kurudi kulima. Tangu hapo mimi na Mwita tumekutana kwenye matanga na harusi, tunasalimiana kama watu wa foleni moja. Yeye alilima mahindi. Baadaye akaungana na wenzake wawili, wakapata fuko kuukuu lililotupwa, akalifungua lote mezani kwake na kulifufua. Leo anapitisha maji chini ya barabara mpaka kwenye nyumba za watu, na mwezi uliopita alimwambia mama yako, "Nasikia Boke ndiye aliyewatengenezea paipu ya jikoni. Nileteeni huyo. Nataka mtu mwenye mkono na masikio."

Mimi nilipoambiwa nilifurahi mpaka nikakosa usingizi, halafu nikakosa usingizi kwa sababu nyingine. Mtu niliyemnyang'anya kazi anampa mwanangu kazi. Na akijua kwamba sikusimamisha, je? Akijua wewe ukiwa kwake, atakuangaliaje? Atakurudisha?

Nimeweka kalamu chini hapa. Nimekaa nikaangalia kurasa hizi, nikaona nakuandikia wewe kitu ambacho mwenyewe hajakisikia. Hiyo ni tabia ile ile ya kuogopa kumwendea Dani. Kwa hiyo nimechukua simu, nimeenda nyuma ya kompresa ambako mtandao unashika, nimempigia mjomba wako. Nakuandikia sasa hivi nikiwa nimerudi.

"Shemeji," akasema, "umenipigia Jumapili? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni jambo la Lambwe."

"La jiko au la mgomba?"

"La pima maji," nikasema. "Mwita, sikusimamisha. Nusu ilipoingia sikusimamisha, niliogopa jua. Na asubuhi nilikutaja wewe, ukaenda badala yangu. Boke anakuja kwako kesho, na sitaki aje juu ya uongo wangu. Ukitaka abaki Magunga, sema. Nitamweleza."

Nilisikia kuku wake, nikasikia mtoto anaitwa kwa Kikuria.

"Ouko," akasema, "umetumia miaka tisa kuniambia hilo? Mimi nilijua pale pale kwenye mstari. Pima maji yangu ilikuwa imetoa kichwa mfukoni mwako kama kuku kwenye kikapu, haina hata tope la kupima mara ya pili."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeenda nyumbani wewe. Dada yangu alikuwa na tumbo hili. Mimi nilikuwa na shamba. Wewe ulikuwa na nini? Huo mdomo?"

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, Boke.

"Usifikiri nilikuwa malaika," akaendelea. "Mwaka wa kwanza nikiona jina lako kwenye simu nilikuwa naigeuza kifudifudi. Nilikuwa nalima nakutukana, mstari mmoja wa mahindi, tusi moja. Halafu mahindi yakazaa, nikaona hata matusi ni mbolea."

"Nisamehe, shemeji."

"Wewe nilikusamehe Okoth alipozaliwa. Pima maji ndiyo sijaisamehe. Nimenunua nyingine tatu, zote zinadanganya. Iko wapi?"

"Iko Magunga. Binti yako aliitumia kupimia ugali."

Alicheka, Boke. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka mpaka nikajikuta nimeegemea tairi la kompresa, macho yamelowa, na mlinzi anakuja kuangalia kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa. Sijawahi kuwa sawa hivi tangu Lambwe.

Mama Boke, kama bado umekaa, kaka yako alikukinga, na mimi nilikuficha ukweli. Nikija utaniambia unachotaka, nami sitafanya mzaha. Mwiko uweke karibu.

Sasa Boke, chini ya kitanda changu kuna sanduku la bati. Ndani, chini ya shati langu la harusi, utaikuta ile pima maji imefungwa kwenye soksi. Ifute vumbi, uiweke mezani kwanza uone tone likisimama, halafu uitie begini. Najua begi limefungwa. Lifungue mara ya tano.

Mimi sina hekima ya kukupakia. Kila ninachokijua nilikijua nimechelewa, na kingi nilikipata kwa kuharibu barabara ya watu. Naona tu kwamba mara mbili maishani nilikimbia kitu nikidhani kitanimeza, na mara zote mbili nilikuta mtu amekaa pale ananisubiri na uji. Huenda mara ya tatu hakutakuwa na uji. Lakini nadhani hata hivyo ningeuliza.

Na hili nakuambia kwa siri. Kabla ya kukata simu, mjomba wako alisema, "Siku ya kwanza nitamwachia alipange yeye. Nitasimama juu ya shimo nimpigie kelele, haraka, haraka, jua linazama. Nataka nione kama atasimamisha." Nimekuibia mtihani, najua. Usimwambie. Wewe shuka shimoni, lipange fuko lako, fungua hewa kidogo kidogo, na likiingia nusu, funga. Mwache apige kelele. Toa pima maji yake mfukoni, uiweke juu ya mgongo wa fuko mbele ya macho yake, na usubiri lile tone litulie. Lina haki ya kuchukua muda wake.

Jua likizama, Boke, lizame. Migomba iko tele.

Baba yako,
Ouko